Huế: mji uliopigwa mizinga, sasa unapigwa picha

Ukifika mbele ya ukuta wa ngome ya Huế, katikati ya Vietnam, iache kamera ining'inie shingoni kwanza. Tazama. Ukuta wa matofali umejaa matundu, na wageni wengi huyapiga picha yote na kuyaandika jina moja: risasi za vita. Mengi si risasi. Na yaliyo ya risasi, si yote ya vita vile ambavyo mgeni anavifikiria.

Tundu la risasi kwenye tofali halina upana wa risasi. Tofali likipigwa hutapika kipande chake nje, likabaki shimo mfano wa sahani ndogo yenye kina katikati na kingo zilizobanduka. Hayo huwa mengi kandokando ya dirisha, juu ya lango na kwenye pembe, yaani pale alipojificha mtu na mwenzake akawa anamtafuta. Vipande vya kombora huacha alama za kila ukubwa, ndefu kwa fupi, nyingi zikielekea upande mmoja kama vumbi lililopulizwa. Ukiona matundu ya mraba yaliyojipanga safu kwa nafasi sawa, hayo ni ya fundi: miti ya jukwaa la ujenzi iliingia humo. Na ukiona tofali zima limelika ndani huku chokaa ya viungo imebaki imejitokeza kama fremu, hiyo ni kazi ya mvua, na Huế mvua haina uhaba.

Kwa nini mpiga picha ajisumbue? Kwa sababu picha ya ukuta bila maelezo sahihi ni picha ya ukuta tu, na yenye maelezo ya uongo ni mbaya zaidi. Mji huu umepigwa si chini ya mara tatu.

Mara ya kwanza ni usiku wa kuamkia tarehe 5 Julai 1885. Jeshi la mfalme lilishambulia Wafaransa, likashindwa, na kulipokucha Wafaransa wakaingia ngomeni, wakaua na kupora. Mfalme kijana, Hàm Nghi, alitoroshwa. Baadaye alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Algiers. Mara ya pili ni mwanzoni mwa 1947, katika vita vya Wafaransa na Việt Minh, wapigania uhuru wa Vietnam, na hapo ndipo sehemu kubwa ya majumba ya ndani ilipoteketea: Cần Chánh, ukumbi wa kazi za kila siku za mfalme, na Kiến Trung, jumba la mtindo wa Kizungu lililojengwa miaka ya 1921 hadi 1923. Mara ya tatu ndiyo inayojulikana duniani. Alfajiri ya tarehe 31 Januari 1968, sikukuu ya mwaka mpya wa Tết, wapiganaji wa Việt Cộng, yaani waasi wa kusini, na jeshi la Vietnam Kaskazini waliuteka mji karibu wote. Bendera yao ilipepea juu ya mlingoti mkuu, Kỳ Đài, hadi tarehe 24 Februari, siku 25 kwa hesabu ya wenyeji. Wanajeshi wa Marekani na wa serikali ya kusini iliyokuwa Saigon waliurudisha mji nyumba kwa nyumba, na lango la Đông Ba upande wa mashariki likawa miongoni mwa sehemu zilizopiganiwa vikali kuliko zote.

Basi uwanja mtupu wenye majani uliokaa miongo mingi nyuma ya Thái Hòa, ukumbi wa kiti cha enzi, ambao wageni waliupiga picha na kuandika “mabomu ya Wamarekani”, kwa sehemu kubwa ni majivu ya 1947. Kosa hilo limerudiwa mtandaoni mpaka linaonekana kweli.

Ngome yenyewe ilianza kujengwa mwanzoni mwa utawala wa Gia Long, aliyeasisi ukoo wa Nguyễn mwaka 1802, ikakamilika 1832 chini ya Minh Mạng. Mzunguko wake ni kama kilomita 10, ukuta una unene wa takriban mita 21 (udongo katikati, matofali pande mbili), malango 10, na pembe zilizochomoza kama mikuki kwa mtindo wa Kifaransa. Aliyewahi kutembea juu ya Fort Jesus pale Mombasa atauelewa mchoro huu haraka: pembe inachomoza ili bunduki ya pembe hii ilinde ubavu wa pembe ile. Ndani yake kuna mji wa kifalme, na ndani ya huo kuna ua wa faragha wa mfalme. UNESCO iliuingiza Huế katika Urithi wa Dunia mwaka 1993, wa kwanza kwa Vietnam.

Kwa miongo mingi watu walikuwa wakiishi juu ya ukuta wenyewe, ndani ya vibanda vya mabati na bustani za mboga, wengi wakiwa vizazi vya waliokimbia vita. Kuanzia 2019 serikali ilizihamisha kaya zaidi ya 4,000 kutoka ukutani na kandokando ya mahandaki. Ukikuta picha ya zamani yenye nguo zimeanikwa juu ya ngome, usizunguke kutwa ukiitafuta kamba ile. Kumebaki nyasi.

Safari na majira

Huhitaji kwenda ubalozini. Tangu Agosti 2023 Vietnam hutoa viza ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote, hadi siku 90, dola 25 kwa kuingia mara moja na 50 kwa kuingia mara nyingi. Kinachowakwamisha watu ni majina: andika majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio uleule, pamoja na la babu. Herufi moja ikipishana, utazuiwa kwenye kaunta ya ndege kabla hata hujaondoka nyumbani.

Uwanja wa ndege wa Phú Bài uko kilomita 15 hivi kusini mwa mji. Mimi ningemshauri mpiga picha ashukie Đà Nẵng, kisha apande treni: kilomita 100 na ushei, saa mbili na nusu hadi tatu, kupitia mlima Hải Vân. Ukienda Huế keti upande wa kulia, ndiko bahari iliko. Kioo cha dirisha kinaakisi, kwa hiyo vaa nguo nyeusi na gusisha mdomo wa lenzi kwenye kioo.

Majira ndiyo mtihani. Septemba hadi Desemba mvua hupiga kwelikweli. Novemba 1999 ilinyesha zaidi ya milimita 1,300 ndani ya saa 24, mji ukazama. Januari na Februari ni manyunyu na mawingu ya kijivu kutwa. Machi na Aprili hewa hutulia. Kuanzia Mei hadi Agosti ni joto la kuunguza, na upepo mkavu kutoka Laos huzidisha. Wengi husema njoo Machi, na si ushauri mbaya. Lakini kwa kuta, matofali yenye kuvu la kijani na wazee wa baiskeli waliovaa makoti ya plastiki, miezi ya manyunyu ndiyo yenye sura ya Huế. Anga la buluu linaufanya mji huu ufanane na kadi ya posta ya mji mwingine wowote.

Saa ya Vietnam iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa nne. Kumbuka pia kwamba wao huhesabu saa kwa mtindo wa Kizungu: bango likisema 7:00, ni saa 1 asubuhi kwetu. Mji wa kifalme hufunguliwa saa 12 na nusu au saa 1 asubuhi kutegemea majira, na hufungwa mnamo saa 11 jioni au nusu saa baadaye. Tiketi ya mtu mzima imekuwa dong 200,000, na kuna tiketi ya pamoja na makaburi ya wafalme yenye nafuu kidogo. Ingia lango likifunguliwa tu. Kuanzia saa 2 asubuhi mabasi hushusha watu, na wasichana waliokodi mavazi ya kifalme huzijaza njia zote zenye milango myekundu. Si vibaya, wana haki na mji wao. Ila ukitaka njia tupu, saa ya kwanza ndiyo yako.

Mwanga wa kukwaruza

Tundu halionekani kwenye picha kwa sababu lipo. Linaonekana kwa sababu lina kivuli. Mwanga ukija usoni mwa ukuta, shimo la sentimita tatu hupotea kama halijawahi kuwapo. Unahitaji mwanga unaopita ubavuni, karibu sambamba na ukuta. Kuna kipimo kisichohitaji kifaa: chukua kalamu, iguse ukutani kitako chake ikiwa imesimama wima kutoka ukutani kama msumari. Kivuli cha kalamu kikiwa kifupi kuliko kalamu, nenda kanywe kahawa. Kikiwa mara mbili au tatu ya urefu wake, fanya kazi.

Ngome haikuelekezwa kusini kabisa, imeinamia kusini-mashariki, kuelekea kilima cha Ngự Bình. Kwa hiyo uso wake wa mbele, penye lango kuu la Ngọ Môn, hupata jua asubuhi. Juni, jua linapochomoza mnamo saa 11 na robo alfajiri, hupita karibu ubavuni mwa ukuta huo; Desemba hufanya hivyo alasiri, kabla halijatua saa 11 na dakika 20 jioni.

Vitabu vya upigaji picha husema mchana ni wakati wa kulala. Vimeandikwa na watu wa nchi zenye jua la pembeni. Huế iko nyuzi 16 na nusu kaskazini ya ikweta, na mwanzoni mwa Mei na tena mwanzoni mwa Agosti jua hupita utosini kabisa, kama sisi tunavyolijua. Jua la utosini ni baya kwa uso wa mtu, lakini ukuta uliosimama wima hulipata kama mwanga wa kukwaruza kutoka juu: kila tundu huota nyusi nyeusi. Kwa kuta zinazotazama kusini-mashariki, kati ya saa 4 na nusu na karibu saa 6 mchana ndipo alama hujitokeza zote. Baada ya hapo jua huvuka upande wa pili na ukuta unazimika ghafla, ndani ya dakika chache.

Matofali yenye kuvu ni meusi, na kamera ikiona cheusi hudhani kuna giza, ikaongeza mwanga mpaka ukuta uwe kijivu kama saruji mpya. Punguza mwanga kwa theluthi mbili za hatua hadi hatua moja (hatua moja ni kuukata mwanga nusu). Kwenye simu, bonyeza na kushikilia juu ya ukuta hadi ijifunge, kisha vuta kidole chini. Anga jeupe la Huế liondoe kwenye fremu kadiri unavyoweza. Halina cha kusema na litakuchomea picha. Baada ya mvua, kichujio cha polaraiza kina thamani: hukata mng'ao wa tofali lililolowa na wa majani, rangi ikarudi. Kitakugharimu hatua moja na nusu hadi mbili za mwanga, basi usikiache kwenye lenzi uingiapo ndani.

Maji yenyewe nayo yanapigwa picha. Kasi ya 1/60 ya sekunde hugeuza mvua kuwa nyuzi, 1/500 huisimamisha kuwa matone, na kwa vyovyote haitaonekana bila kitu cheusi nyuma yake. Tao la lango ndicho kitu hicho.

Jasho la lenzi

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia, na watu wa pwani wanalijua tatizo hili japo hawalipi uzito. Chumba cha hoteli kina kiyoyozi, nyuzi 22. Nje ni nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 85. Katika hewa hiyo, kitu chochote chenye ubaridi chini ya nyuzi 27 hivi hutoka jasho. Lenzi inatoka jasho nje, na kamera inatoka jasho ndani, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Kupangusa hakusaidii, ukungu hurudi kabla hujashusha mkono. Kubadili lenzi wakati huo ni kukaribisha maji kwenye kihisi.

Dawa ni kuifunga kamera ndani ya mfuko wa plastiki uliobana ungali chumbani, hewa ya baridi ikabaki humo, kisha kutoka nayo na kuuacha mfuko umefungwa kwa nusu saa. Jasho litatua juu ya plastiki. Anayetaka picha za alfajiri aanze kuipasha kamera moto tangu usiku: aweke mkoba mahali pasipo na kiyoyozi, au akipandishe hadi nyuzi 27 kabla ya kulala.

Kuvu la lenzi ni adui wa taratibu zaidi. Huota pale unyevu unapokaa juu kwa siku nyingi, hasa kwenye mkoba wa ngozi uliofungwa, na likishaota huacha mikwaruzo kama utando wa buibui. Kwa wiki mbili za mvua, beba kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko wa mpira, gramu 100 hivi za jeli ya silika, na kipima unyevu kidogo. Lengo ni asilimia 40 hadi 50. Jeli ikibadilika rangi imeshiba: ioke kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili, itakuwa kama mpya. Mchele usitumie. Haunyonyi vya kutosha, na unga wake utaukuta kwenye pete ya lenzi.

Droni iache nyumbani. Kurusha kunahitaji kibali cha mamlaka za kijeshi, na nchi iliyopigwa kutoka angani haina mzaha na vitu vinavyoruka.

Kurudia picha ya 1968

Wapiga picha wakubwa wa vita walipita hapa ndani ya wiki hizo. Don McCullin, Mwingereza, alimpiga picha hapa yule askari wa Marekani aliyeganda macho yametoka huku amekumbatia bunduki. John Olson aliwapiga picha majeruhi waliolazwa juu ya kifaru. Mfaransa Catherine Leroy alishikwa na wanajeshi wa Kaskazini pamoja na mwenzake François Mazure. Akawapiga picha walewale waliomshika, wakaachiwa, na picha hiyo ikawa jalada la gazeti la Life tarehe 16 Februari 1968. Picha hizo zina wenyewe, usizichapishe bila ruhusa. Zile zilizopigwa na wanajeshi wa Marekani wakiwa kazini, zinazohifadhiwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya nchi hiyo, hazina haki miliki na zinafaa kwa zoezi hili.

Zoezi ni kusimama palepale aliposimama mpiga picha wa zamani. Wengi hukadiria kwa macho, wakazungusha zumu hadi “ifanane”, na picha mbili haziwezi kulaliana. Zumu haihusiki kabisa. Kinachoamua ni miguu yako.

Chapisha picha ya zamani kwenye karatasi. Tafuta ndani yake kitu cha karibu kisichohamishika, mfano pembe ya ukuta, na kitu cha mbali, mfano mlingoti wa Kỳ Đài, ambao huonekana kutoka kingo zote mbili za mto. Angalia vinapishana wapi. Sasa tazama kwenye kamera yako. Kanuni ni moja: kitu cha karibu kikiwa kimepotoka kulia kuliko kwenye picha, nawe songa kulia, kikipotoka kushoto, songa kushoto. Hali ni hiyohiyo kwa kimo: kikionekana chini mno ukilinganisha na cha mbali, shusha kamera; kikiwa juu mno, inyanyue. Inaonekana kinyume, lakini ijaribu kwa kidole chako na nguzo ya umeme kabla ya kubisha. Askari wengi walipiga picha wakiwa wamechuchumaa au wamelala, basi usishangae ukijikuta magoti chini.

Umbali nao una kipimo. Pima kwa rula, kwenye karatasi, upana wa kitu cha karibu na upana wa kile cha mbali, gawanya cha karibu kwa cha mbali. Fanya hivyo kwenye kioo cha kamera. Namba yako ikizidi ya karatasi, uko karibu mno, rudi nyuma. Ikipungua, sogea mbele. Zikilingana, umefika. Piga kwa lenzi pana kidogo kuliko unavyodhani inahitajika na uache kingo, utakata baadaye.

Shida za Huế ni mbili. Miti imekua na kuziba, hivyo tegemea pembe za mawe na mistari ya paa, usitegemee tawi. Na majengo yamejengwa upya, mara nyingine kwa vipimo vya zamani na mara nyingine si hasa. Mlingoti wa sasa ni wa zege, wa mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa hiyo ule wa kwenye picha za 1968 ni huohuo. Daraja la Tràng Tiền lilikamilika 1899, lina sehemu sita zenye matao 12, na hoteli nyingi zitakwambia Eiffel ndiye aliyelijenga. Ni kampuni ya Schneider ya Creusot. Kimbunga cha 1904 kililibomoa, vita vya 1946 vikalibomoa, likavunjwa tena Februari 1968, na matengenezo kamili yalifika miaka ya 1990. Kwa picha ya 1968, pima kwa nguzo za ndani ya maji, si kwa vyuma vya juu.

Kiến Trung nalo limeibuka upya na kufunguliwa mapema 2024, rangi zikimetameta, vigae vya porseleni vimebandikwa kipande kwa kipande. Thái Hòa lilifunguliwa tena Novemba mwaka huohuo baada ya ukarabati wa miaka mitatu. Wapo wanaolalamika kwamba ni mapya mno. Mfalme naye hakuishi kwenye gofu, nadhani. Lakini kwa mpiga picha, kila jumba linalorudi huondoa ushahidi wa lilivyoondoka. Anayetaka gofu asichelewe.

Mahali ambapo watu hupita haraka ni ua wa Thế Miếu, hekalu la kuwaenzi wafalme, penye vyungu tisa vya shaba vilivyosubuliwa kati ya 1835 na 1837, kila kimoja na jina la mfalme wake. Kila chungu kimechongwa picha za nchi: mito, milima, ndege, samaki, mizinga, mimea. Baadhi yavyo vina alama za risasi. Shaba haitapiki kipande kama tofali. Hubonyea na kung'aa kwenye kingo. Tumia lenzi ya milimita 85 hadi 105, simama ubavuni, na subiri wingu, maana jua kali hufanya shaba kuwa doa jeupe.

Nje ya ngome, pagoda ya Thiên Mụ ina mnara wa ghorofa saba wa 1844, na nyuma yake, ndani ya banda, gari la Austin la buluu. Ndilo lililomfikisha mtawa Thích Quảng Đức kwenye njia panda ya Saigon tarehe 11 Juni 1963, siku aliyojichoma moto kupinga Wabudha kukandamizwa, na Malcolm Browne akapiga picha. Kuna mwanga hafifu na mng'ao wa rangi ya gari. Vaa nguo nyeusi, piga kwa upande, usitumie fleshi. Ukitaka utulivu zaidi, nenda An Lăng, upande wa kusini wa mto. Hapo amelazwa mfalme Duy Tân, aliyepelekwa uhamishoni Réunion mwaka 1916, kisiwa cha bahari yetu hii ya Hindi, akafa kwa ajali ya ndege Afrika ya Kati Desemba 1945, na mwili wake ukarudishwa 1987.

Watu

Kivietinamu, kama Kiswahili, hakimwachi mtu bila undugu. Mzee unamwita bác na wewe mwenyewe unajiita cháu, mtoto wa ndugu. “Cháu xin phép bác chụp ảnh”, naomba ruhusa nikupige picha, hata likitamkwa vibaya, hufanya kazi ambayo tabasamu la mtalii haliwezi. Usimwendee mtu mzima ukamuuliza alikuwa wapi 1968. Raia waliuawa kwa mabomu, na wengine walikamatwa kisha wakauawa. Hesabu yao bado inabishaniwa, na makumbusho ya serikali husimulia zaidi upande wake. Mwezi wa kwanza wa kalenda yao, nyumba nyingi za Huế hufanya kumbukumbu ya marehemu siku zinazofuatana. Ukiona viti vya plastiki vimejaa uani na moshi wa udi, si sherehe ya mtaa.

Kumbukumbu inayofanyika hadharani ni ya 1885. Tarehe 23 ya mwezi wa tano wa kalenda yao, na siku zinazofuata, mitaa hutandika meza za sadaka mbele ya nyumba kwa ajili ya roho za waliokufa usiku ule. Kalenda yao hufuata mwezi mwandamo kama tunavyofuata kwa Idi, ila huongezewa mwezi kila baada ya miaka miwili au mitatu ili isiachane na majira, hivyo siku hii huangukia Juni au Julai. Mezani kuna uji, viazi, mahindi, bisi za mchele, chumvi, mchele mbichi. Pembeni huwekwa jiko la moto ili waliozama wajikaushe, na chombo cha maji kwa wenye kiu.

Simama upande wa pili wa barabara na lenzi ya milimita 50, usivuke kati ya meza na njia, maana ndipo wageni wasioonekana wanapopita. Moto wa jiko na taa ya dukani vina rangi mbili tofauti. Weka joto la rangi la kamera kwenye kelvini 4,000 na uache moto uwe mwekundu. Wakimaliza kuomba, mwenye nyumba huchota mchele na chumvi na kuvirusha barabarani kwa mikono miwili. Hurusha mara chache tu. Kwa 1/500 utazipata punje angani, kwa 1/30 utapata mkono uliofutika na nyuzi nyeupe. Na kwa sababu jua limeshatua, ile ya kwanza itataka ISO 6400, yaani kihisi kilichoongezewa wepesi wa kupokea mwanga, na lenzi iliyofunguka wazi hadi f/2.